Dar hadi Tukuyu na Hiace ya dizeli: ufunguo, hewa kwenye mafuta na baridi ya Makambako

Hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani, nikiwa na daftari la gharama, risiti zilizokunjamana na picha za simu. Gari ni Toyota Hiace, injini ya dizeli 1KD ya lita 3.0, ile inayotumia kontroli boksi (kompyuta ya injini) na nozeli za umeme, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Huwa nabebea vyombo vya shughuli: masufuria, viti, maturubai. Safari hii tulikuwa tunapeleka vyombo Tukuyu kwenye sendofu ya binamu yangu, Jumamosi, mwezi wa saba. Tulikuwa watatu: mimi, Mjomba wangu aliyeendesha malori ya Dar na Lusaka mpaka alipostaafu, na Mama Mkubwa aliyekuja Kariakoo kununua vitenge na sasa anarudi kwake.

Njiani gari liligoma kuwaka sehemu tofauti, na kila mara mlio ulikuwa uleule: stata inapiga, injini haishiki. Sababu lakini hazikufanana hata kidogo. Wenye Hiace za dizeli naomba msome taratibu, kwa sababu mlio huo mmoja ndio unaowafanya watu watoe hela ya nozeli wakati tatizo liko kwenye ufunguo.

Jumatano: Mbagala hadi Morogoro

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri ili tupite Kimara kabla foleni haijajaa. Barabara pana ya Kimara hadi Kibaha imesaidia sana, ila ukishaimaliza unarudi nyuma ya malori mpaka Chalinze. Kutoka hapo hakuna la kusimulia mpaka Msamvu, Morogoro, tulipofika saa nne kasoro tumekufa njaa.

Chai, chapati na maharage kwa watu watatu ilikuwa shilingi 9,000 kwa mama lishe mmoja karibu na stendi. Tukiwa tunakula ufunguo uliteleza mezani ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. Kava likafunguka, betri ya rimoti ikaruka, binti wa pale akaviokota vyote akavibana pamoja akanirudishia. Tukashukuru, tukalipa, tukaenda kwenye gari.

Milango ikafunguka kwa rimoti kama kawaida. Nikapiga stata: inazunguka kwa nguvu, injini kimya. Nikarudia, kimya. Kijana fundi aliyekuwa jirani akaja mbio, akamwamkia Mjomba, akasikiliza mara moja tu, akageukia kwangu: "Dada, nozeli hizi. Tunazishusha, tunapima, laki nne inatosha."

"Kijana wangu, tulia kwanza," Mjomba akamwambia. "Nenda nyuma ukaangalie ekzosi, mwanangu apige tena."

Nikapiga. Hakuna moshi hata chembe.

Hapa ndipo Mjomba aliponifundisha jambo ambalo nimelirudia safari nzima. Dizeli ikipigwa stata bila kuwaka, tazama moshi. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, maana yake mafuta yanaingia kwenye silinda ila hayaungui. Usipotoka moshi kabisa, mafuta hayaingii: ama hayafiki, ama kuna kitu kinayakataza. Na cha kukataza, kwenye gari lenye imobilaiza (kinga ya wizi inayozuia injini isiwake bila ufunguo wake), kina taa yake kwenye dashibodi. Kwenye Hiace yetu ni taa ndogo nyekundu yenye mchoro wa gari na ufunguo. Gari likiwa limezimwa na ufunguo haupo, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Ukiingiza ufunguo unaotambulika, inazimika. Tukaingiza ufunguo, na ile taa ikaendelea kupepesa kana kwamba hatujaingiza kitu.

Mjomba akachukua kisu, akalifungua kava la ufunguo. Betri ipo, kibao cha rimoti kipo. Pembeni kuna kishimo kidogo cha mstatili, na ndani yake hamna kitu, alama tu ya gundi iliyokauka. Chipu imedondoka.

Nieleze kidogo, kwa sababu pale Msamvu watu walikusanyika na karibu kila mmoja alisema "badilisha betri ya rimoti". Kwenye ufunguo wa aina hii, ule wa kuingiza na kuzungusha, betri ni ya kufungua milango tu. Chipu ya imobilaiza ni kitu kingine, kipande cheusi kidogo kuliko ukucha, na hakitumii betri. Kuna pete ya plastiki yenye koili inayozunguka tundu la suichi. Ukiingiza ufunguo, koili inaipa chipu nguvu kupitia hewani, chipu inajibu kwa namba yake, na kompyuta ya gari ikiitambua inaruhusu nozeli zifanye kazi. Isipoitambua, stata itapiga mpaka betri ikate roho na nozeli hazitafunguka. Ndiyo maana milango ilikuwa inatii na injini inakataa. Kava letu halikuwa la asili, lilinunuliwa kwenye duka moja baada ya la kwanza kupasuka, na chipu ilikuwa imehamishwa na kubandikwa kwa gundi.

Tukarudi kwa mama lishe. Sakafu ilikuwa imeshafagiwa na kumwagiwa maji. Yule mama hakusema neno. Akawaita binti zake wawili, wakamwaga ndoo ya takataka kwenye gunia, wakachambua maganda na majivu kwa mikono, mmoja akachuchumaa kwenye mtaro na tochi ya simu. Karibu saa nzima. Chipu haikupatikana. Alipoona tumekata tamaa akatuletea viti kivulini, akamlaza Mama Mkubwa kwenye mkeka nyuma ya jiko, na simu zetu zikachajiwa kwake bila malipo.

Ufunguo wa akiba alikuwa nao mdogo wangu Dar, yeye ndiye anayelisogeza gari stoo tukipakia. Zamani ningesema autume kwa basi tusubiri hadi usiku. Sasa kuna treni ya SGR: alilipa shilingi 13,000, na safari yenyewe ya Dar hadi Morogoro haikufika saa mbili. Kilichomchelewesha ni foleni ya kutoka Mbagala na kusubiri treni yenye nafasi. Saa kumi na moja jioni bodaboda ilimshusha Msamvu kutoka stesheni. Ufunguo ukaingia, taa nyekundu ikazimika, na injini ikashika kwa mguso wa kwanza. Yule kijana fundi alipiga makofi kuliko sisi.

Kijana huyohuyo ndiye aliyemwita rafiki yake, fundi wa funguo za magari mwenye mashine. Alichomeka kwenye soketi ya chini ya usukani, akasoma namba ya hitilafu B2796, kwamba mfumo wa imobilaiza haukupata mawasiliano na ufunguo. Akatueleza kuwa ingekuwa B2795 ingemaanisha chipu ipo ila gari haliijui. Tofauti hiyo inafaa kuikumbuka: ya kwanza inakuelekeza kwenye chipu iliyokufa au kudondoka, koili ya suichi au waya wake, ya pili inakuelekeza kwenye ufunguo ambao haujasajiliwa. Alitaka 180,000 kutengeneza na kusajili ufunguo mpya wenye chipu, tukamalizana kwa 130,000. Kazi ilikuwa nyepesi kwa sababu ufunguo mmoja uliosajiliwa ulikuwepo. Ukipoteza zote, gari linabidi lisajiliwe upya tangu mwanzo na bei inapanda sana.

Jamaa mwingine alijipenyeza akanishauri "tuiue kabisa" imobilaiza kwa kuchezea kontroli boksi, laki mbili na nusu. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Gari langu linalala nje nikiwa kwenye shughuli, na hicho kifaa ni kinga ninayoitegemea. Tena kontroli boksi ikiharibika kwenye kufunguliwa, hiyo hasara hailingani na bei ya ufunguo.

Kwa atakayepita njia hii: ufunguo wa akiba usafiri nawe, ila usikae kwenye pete moja na ule unaotumia. Chipu mbili zikikaribiana kwenye suichi zinaweza kuchanganya usomaji, na gari likagoma ilhali zote nzima. Taa ikikataa kuzimika, vua kwanza kila kitu kwenye pete, ingiza ufunguo ukiwa peke yake, jaribu tena. Hilo ni bure. Na kama una Volkswagen Transporter ya zamani, dalili yake mara nyingi ni nyingine: injini inawaka kweli, halafu inazima baada ya sekunde moja au mbili. Hilo nalo usikimbilie kulifungua pampu.

Gesti Msamvu vyumba viwili, 25,000 kila kimoja. Mdogo wangu alirudi na treni ya usiku.

Alhamisi: Morogoro, Mikumi, Kitonga, Ipogolo, Makambako

Dizeli Morogoro ilikuwa chini kidogo ya shilingi 3,000 kwa lita. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo anayepanga bajeti aitazame kabla ya kuondoka. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa barabarani. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi, mwendo ni 50 kwa saa na faini za kugonga wanyama zimeandikwa kwenye mabango. Tuliona twiga wakivuka bila haraka yoyote, na kundi la tembo mbali kidogo upande wa kushoto. Mama Mkubwa alifungua dirisha akawasalimia kwa Kinyakyusa.

Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu, neti moja 15,000, kwa sababu Tukuyu jikoni walishapiga simu kuvililia. Mibuyu, joto, vumbi, halafu mlima.

Waliopanda Kitonga wanajua. Barabara inajikunja pembeni mwa ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo, na mbele yako lori lililopakia linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tulikuwa gia ya pili. Katikati ya mlima gari likaanza kukosa nguvu, nakanyaga mafuta hayajibu, taa ya injini ikawaka, likakohoa mara mbili likazima. Mjomba alikuwa ameshashika breki ya mkono kabla sijaongea. Akalilaza kwenye ukingo wa upande wa mwamba, akaruka na jiwe la kuzuia tairi. Mimi nikaenda chini ya kona na pembetatu, yeye akavunja matawi akayapanga barabarani kwa umbali mrefu zaidi. Kitonga weka alama mbali, kabla ya kona, kwa sababu lori linaloshuka au kupanda halina pa kukukwepa.

Nikapiga stata. Mlio wa Msamvu uleule. Lakini sasa nilijua pa kutazama: ufunguo ulipoingia, taa nyekundu ilizimika. Ufunguo si tatizo. Ekzosi ilitoa moshi kidogo, ukakatika, ukatoka tena. Mafuta yanakuja kwa kusuasua.

Kwenye Hiace hii injini iko chini ya siti za mbele, kwa hiyo Mama Mkubwa alihamia kwenye jiwe na mwavuli wake, siti zikainuliwa. Chujio la dizeli lina pampu ya mkono juu yake. Mfumo ukiwa mzima, unaibonyeza mara kadhaa inakuwa ngumu. Yetu ilikuwa laini tu, unabonyeza na kubonyeza haishiki. Hiyo ni dalili ya hewa, au tangi tupu, na tangi letu lilikuwa limejaa.

Lori la namba za Zambia likasimama juu yetu kidogo, mahali palipopanuka. Kusimamisha lori lenye mzigo Kitonga ni kazi, kuliondoa tena ni kazi zaidi, na dereva yule alifanya hivyo bila kuitwa. Akashuka na utingo wake mwenye kigaloni cha maji na mawe mawili. Mjomba akamwuliza anatokea wapi, akasema Kapiri Mposhi, basi wakaanza kutajiana sehemu za kulala malori za miaka ishirini iliyopita huku mikono yao yote minne ikiwa kwenye injini yangu.

Utingo alikuwa na kipande cha mpira angavu. Wakakiunga kati ya chujio na pampu kubwa (ile inayosukuma mafuta kwa shinikizo), upande wa shinikizo la chini, nikapiga stata huku wanatazama. Mapovu yalipita mfululizo, unayaona kwa macho. Wakafuata mpira wa mafuta kurudi nyuma, na mahali unapoingia kwenye chujio, chini ya klipu, ulikuwa umepasuka. Ufa mdogo kama huo hauvujishi dizeli chini ukaona, kwa sababu pale mafuta yanavutwa. Badala ya kumwaga, unanyonya hewa. Barabara ya tambarare pampu inavumilia. Mlimani, injini inapodai mafuta mengi, inazidiwa.

Mpira ulikuwa na urefu wa ziada. Wakakata sentimita chache zilizopasuka, wakaurudisha na klipu mpya kutoka kwenye kopo la utingo. Kisha wakafungua koki ya chini ya chujio, wakakinga kwenye chupa: ikatoka dizeli yenye ukungu, na chini yake maji yakatulia wazi kabisa. Wakafunga, wakapampu mkono mpaka ikawa ngumu. Gari liliwaka, likatikisika kidogo, likatulia.

Dereva alikataa pesa. Nilimpa vitunguu, akachukua viwili tu akasema vya kuliwa na nyanya Makambako. Utingo aliomba maji ya baridi, tukampa chupa zote tulizokuwa nazo.

Hapa nina onyo ninaloomba lisichukuliwe kirahisi. Kwenye injini za zamani za 2L, 3L au 5L, mafundi hulegeza nati za mabomba kwenye nozeli huku mtu anapiga stata, ili kutoa hewa. Kwenye 1KD na 2KD usithubutu. Mabomba yale yana shinikizo linalozidi baa 1,000, na mchirizi wa dizeli kwa nguvu hiyo unapenya ngozi na kuingia mwilini. Toa hewa kwa pampu ya mkono peke yake, upande wa kabla ya pampu kubwa. Mtu akija na spana kwenye bomba za chuma huku gari likipigwa stata, mzuie.

Ilula tulipita bila kusimama, ingawa matenga ya nyanya yalikuwa yanapendeza. Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, tuliingia gereji saa kumi jioni. Chujio jipya 45,000, kupima kwa mashine 20,000. Mashine ilisoma P0087, shinikizo la mafuta liko chini kwenye reli, bomba linalogawa mafuta kwa nozeli. Namba hiyo imewauzia watu wengi pampu mpya. Fundi wa Ipogolo, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa na uzi, aliniambia: "Dada, hii imeandika habari ya mlimani. Tunaifuta, unaendesha, ikirudi ndipo tunaongea pampu." Akaifuta, akazunguka nasi mpaka Igumbilo na kurudi huku mashine ikisoma shinikizo. Haikurudi. Angeweza kunila laki kadhaa na nisingejua. Nilimwachia 10,000 ya chai na alisitasita kuipokea.

Mafinga kulikuwa kumeshaingia giza, harufu ya mbao na misonobari inaingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Makambako saa tatu usiku: wali kuku 5,000 sahani, gesti 20,000 chumba, na blanketi mbili ambazo hazikutosha.

Ijumaa: Makambako hadi Tukuyu

Baridi ya Makambako mwezi wa saba haina mzaha. Asubuhi kioo cha mbele kilikuwa na umande mzito na pumzi zetu zinaonekana. Stata ilizunguka kwa uvivu, na injini haikushika.

Taa nyekundu ikazimika ilivyotakiwa. Pampu ya mkono ngumu. Moshi? Mweupe, mwingi, harufu ya dizeli mbichi imejaa uani. Kwa hiyo mafuta yanaingia na hayaungui: ni joto na nguvu ya stata. Mlinzi wa gesti alikimbilia kitambaa chenye petroli akishike mbele ya kinyonyeo cha hewa, kwa nia njema kabisa. Mjomba akamzuia kwa upole. Dizeli yenye hita plagi (vijiti vya umeme vinavyopasha silinda joto kabla ya kuwasha) ikinusishwa petroli au dawa ya kupuliza inaweza kulipuka ndani kabla ya wakati wake na kuvunja vitu.

Fundi umeme alipima betri: volti 12.1 ikiwa imetulia, na ikipigwa stata inaanguka chini ya 9.5. Betri iliyojaa inatakiwa kusoma kama 12.6. Vichwa vya betri vilikuwa na ukungu mweupe na waya wa ethi umelegea. Mama lishe wa jirani alitupa birika la maji ya moto, vikasafishwa kwa brashi ya waya mpaka vikang'aa, ethi ikakazwa. Kisha fundi akapima hita plagi nne za injini, moja baada ya nyingine, mbili zilikuwa zimekufa. Mpya zilikuwa 35,000 kila moja, ufundi 20,000. Likashtuliwa na betri ya Fuso iliyokuwa uani, likawaka, na baada ya robo saa chaji ilisoma 14.1, kwa maana oltaneta ni nzima.

Kuna jambo linalounganisha asubuhi hiyo na yaliyotukuta Msamvu. Volti zikianguka sana wakati wa stata, kompyuta ya gari inaweza kushindwa kuusoma ufunguo hata kama chipu ni nzima. Ukiona taa ya ufunguo inasumbua asubuhi za baridi na mchana haisumbui, pima betri na ethi kabla hujamlipa fundi wa funguo.

Baada ya hapo gari lilikwenda kama limezaliwa upya. Igawa, Chimala, Igurusi na mpunga wake umeanikwa pembezoni. Uyole tukakata kushoto, na dunia ikageuka kijani: viazi, pareto, kisha migomba na chai, na Mlima Rungwe umefunikwa na wingu. Kiwira mvua nyepesi. Mama Mkubwa alianza kuonyesha mashamba ya watu kwa majina na kusimulia nani alimwoa nani. Saa kumi jioni tuliingia Tukuyu, masufuria yakapokelewa kwa vigelegele, nasi tukapokelewa kwa mbalaga, yaani ndizi za kupikwa, na maziwa ya mgando. "Ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa, Mjomba alisema kwa kila sahani iliyoletwa.

Jumamosi hadi Jumatatu: sendofu na kurudi

Sendofu ilifana, masufuria yote yalitumika na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vilikwisha. Jumapili tulipumzika. Jumatatu alfajiri mimi na Mjomba tuligeuza, tukalala Mikumi, na Jumanne mchana tulikuwa Dar. Kitonga tulishuka kwa gia ndogo, breki tunagusa tu, na pale tulipokwamia matawi yetu makavu yalikuwa bado pembeni. Mjomba alisimama akayatupa bondeni, kwa sababu matawi yaliyosahaulika yanawadanganya madereva wengine. Msamvu tulimpelekea yule mama lishe mkungu wa ndizi na parachichi.

Kwa wanaopenda hesabu: ufunguo, chujio, mashine, hita plagi na ufundi, pamoja na nauli ya mdogo wangu ya kuja na kurudi, vilifika shilingi 311,000. Ni pungufu ya laki nne za kushusha nozeli, ambazo fundi wa Msamvu baadaye aliniambia mwenyewe kwamba zisingeliwasha gari.

Wiki hii nimebadilisha mipira yote ya mafuta kutoka tangini hadi kwenye chujio, maana mpira mmoja ukipasuka kwa uzee wenzake nao wana umri uleule. Ufunguo ule wa zamani nimeutia chipu mpya, imesajiliwa, na safari hii kishimo chake kimezibwa kwa kifuniko chake badala ya gundi. Ndani ya gari sasa kuna chujio la akiba, klipu za saizi mbili, mita ndogo ya volti na mita moja ya mpira angavu niliyonunua mtaa wa Gerezani, Dar, kwa 3,000. Mpira huo upime kipenyo dhidi ya wa gari lako kabla ya kulipa. Wa kwanza niliouziwa ulikuwa mpana, hauwezi kushika kwenye chujio la 1KD hata kwa klipu.